Jua la Saa Moja na Dakika Ishirini

Mwanangu Lambert alimgonga Rosalie Gartner kwa lori la nafaka jioni ya tarehe ishirini na nne Septemba, kwenye barabara ya changarawe inayopita kati ya shamba letu na lao. Rosalie alikuwa anavuka kumpelekea mumewe Aloys chakula cha jioni kwenye mashine ya kuvuna. Alikufa palepale. Naliandika jina lake mwanzoni kabisa kwa sababu miezi iliyofuata, nyumbani kwetu, hatukulitaja. Tulitaja jua.

Lambert aliwaambia polisi kwamba jua lilimpiga machoni. Alikuwa anaelekea magharibi, na barabara zetu hazina kona wala kilima, na mwishoni mwa Septemba jua huzama kwenye mdomo wa barabara kabisa. Mimi mwenyewe nimewahi kuegesha gari pembeni nikala tufaha zima nikisubiri lizame. Kwa hiyo hatukuwa na sababu ya kutomwamini. Lakini aliposhtakiwa kwa kuendesha kwa hatari na kusababisha kifo, wakili wake, Desrosiers, alituambia maneno matupu hayatatosha. Kifungo kingeweza kufika miaka mitatu. Alitaka picha. Alitaka kumwekea mwendesha mashtaka mbele ya macho yake kile alichokiona Lambert akiwa kwenye kiti cha lori, ili shtaka lilegezwe kabla ya kesi.

Picha hiyo ilikuwa ya kutengenezwa na Jolene, binti yake Lambert. Jolene anakaa pwani, Vancouver, mwaka wa kumi na mbili sasa, na kazi yake ni filamu za kompyuta. Siku moja nilimuuliza anafanya nini hasa huko. Akaniambia, "Bibi, wenzangu wanajenga nyumba na watu na miti ndani ya kompyuta. Vyote vinazaliwa gizani. Mimi ndiye ninayewasha mwanga." Nikaona ni kazi nzuri, safi, haina tope.

Alikuja Januari kwa likizo ya wiki moja. Baridi ilikuwa imeshuka hadi thelathini chini ya sifuri, magari yote yamechomekwa umeme usiku kucha ili yawake asubuhi. Jumatatu, kabla hata ya kumaliza kahawa, alitoka na baba yake kwenda kupima barabara. Niliwaona kutoka dirishani, Jolene anatembea na futi ya chuma, Lambert ameshika ncha nyingine. Walipima upana wa barabara, kina cha mtaro, urefu wa nguzo za ua. Halafu walipima lori: kutoka ardhini hadi kwenye jicho la Lambert akiwa ameketi, futi saba na inchi mbili. Walipofika pale mahali penyewe, Lambert alishika ncha ya futi huku uso ameugeuzia upande wa bwawa. Hakugeuka mpaka Jolene aliposema wamemaliza.

Kompyuta iliwekwa kwenye meza yangu ya jikoni, juu ya kitambaa cha plastiki chenye picha za cheri. Nilihamisha sukari, chumvi na redio. Jumanne nzima Jolene alijenga barabara yetu humo ndani, na nakiri nilifurahi kuiona. Mtaro ule, nguzo ile iliyoinama tangu Lambert akiwa kijana, kibanda cha pampu. Alimweka na Rosalie pia, lakini hakumpa sura. Alikuwa mtu wa kijivu tu, amesimama wima, na boksi la kijivu mkononi.

Jumatano alisema sasa anawasha jua. Aliandika tarehe, akaandika tulipo duniani, akaandika saa. Saa tulikuwa nayo kwa hakika, kwa sababu simu ya kuita gari la wagonjwa iliandikwa na watu wa gari hilo wenyewe: saa moja na dakika ishirini za jioni. Kompyuta ikavuma kama friji kuukuu. Tukasubiri. Picha ikaja polepole, mstari kwa mstari.

"Hii ni nini?" nikauliza.

"Barabara."

"Mimi naona sufuria iliyoungua."

"Ahsante sana, Bibi. Umenitia moyo."

Ilikuwa giza. Kulikuwa na bluu kidogo juu, bluu iliyokolea kama wino, lakini barabara na mtaro na Rosalie wa kijivu vilikuwa vimemezana. Jolene hakushtuka. Alichukua bahasha ya bili ya umeme, akaigeuza, akaanza kuandika mambo ya kukagua, moja chini ya jingine. Bahasha hiyo ninayo hadi leo.

"Kitu kimoja kwa wakati," alisema. "Unabadilisha kimoja, unatazama. Ukibadilisha viwili kwa mpigo, hutajua kipi kilichoponya."

"Ndivyo ninavyofanya mkate ukikataa kuumuka," nikasema. "Kwanza hamira, halafu maji, halafu unga."

"Basi leo wewe ndiye mkubwa wangu wa kazi. Nitafutie hamira."

Alianza na jua lenyewe. Lilikuwapo kwenye orodha yake, halikuzimwa. Alilizidisha nguvu mara kumi. Picha ikaja ileile. Jua ukiliongeza mara kumi na hakuna kinachobadilika, aliniambia, maana yake kuna kitu kimelikinga. Akaliondoa kuba la anga alilokuwa amelifunika juu ya shamba lote. Hakuna. Akakagua ardhi, akakuta vipande vya mtaro vimegeuzwa, upande wa nje umekuwa wa ndani, kama soksi iliyovuliwa kwa haraka, na vipande vya namna hiyo havipokei mwanga vizuri. Akavigeuza vyote. Mtaro ukakaa vizuri zaidi, giza likabaki. Akaifungua kamera ipokee mwanga mwingi, na hapo picha ikajaa vitone vyeupe, kama mtu amemwaga unga kwenye sketi nyeusi.

Lambert aliingia kunywa kahawa akasimama nyuma yake. Akatazama vile vitone.

"Theluji hiyo?"

"Siyo theluji, Baba. Ni makosa ya hesabu. Kompyuta ikikosa mwanga inaanza kubahatisha."

"Kumbe kama watabiri wa hali ya hewa."

Jolene akacheka. Mimi pia. Lambert alikuwa mtu wa utani kabla ya Septemba, na ule ulikuwa utani wake wa kwanza kuusikia tangu mazishi. Nilimkatia kipande cha keki ya matunda kikubwa kuliko kawaida. Alikula nusu.

Alhamisi Jolene aliweka mpira mweupe katikati ya barabara ile ya kompyuta na taa moja ya kawaida juu yake. Mpira ukang'aa. Akaandika kwenye bahasha: kamera nzima, taa nzima. Akaketi, kidole mdomoni, kama alivyokuwa akifanya hesabu za shule kwenye meza hiyohiyo. Halafu akaizungusha picha, akaipeleka mbali, akaitazama kutoka ubavuni, na akapiga kelele.

"Bibi! Jua liko chini ya ardhi!"

"Limefuata nini huko?"

"Limeshazama! Mimi nalitafuta angani siku mbili, kumbe limeshazama zamani!"

Alicheka mpaka akafuta machozi. Mimi nilikuwa nakanda unga, mikono imejaa hadi kwenye viwiko, na nilicheka pia, lakini kuna kitu kilinigusa kifuani wakati ule, kidogo tu, kama unapopita chumbani ukahisi umesahau ulichofuata. Sikukisogelea. Niliendelea kukanda.

Jolene aliwaandikia watu wa kazi yake kwenye mtandao akawaeleza shida. Kabla mkate haujatoka, mmoja alimjibu kwa mstari mmoja: umesahau kuweka saa za kiangazi. Akafungua mahali fulani, akatia alama kwenye kijisanduku kidogo, akaamuru picha ianze upya.

Sijui nitaielezaje picha ile. Jua lilikuwa juu kidogo ya mwisho wa barabara, kubwa, la dhahabu, limeenea kioo kizima. Changarawe ilimeta. Vumbi lilisimama hewani kama pazia. Rosalie hakuonekana kabisa. Ulijua tu kwamba yupo kwa sababu tulimweka, lakini jicho halikumpata, hata ukilikaza. Nilikaa chini. Nilisema, Mungu wangu, ni kweli, hakuweza kumwona. Jolene alinikumbatia na mikono yangu ya unga ikamchafua mgongo.

Tulimwita Lambert. Alivua kofia, akainama, akaitazama ile picha. Nilikuwa nasubiri alie, au acheke, au aketi. Alisema, "Umefanya kazi nzuri, mwanangu." Akavaa kofia yake akatoka kwenda kuangalia trekta, na trekta ile haijaguswa tangu Novemba.

"Amezidiwa," alisema Jolene.

"Mwache," nikasema.

Ijumaa wakili alipelekewa picha ndogo ya kuonja. Alipiga simu mwenyewe. Alisema hii itamtoa jasho mwendesha mashtaka, na kwamba anataka ile kubwa, safi, isiyo na vitone, Jumatatu asubuhi. Jolene alisema itachukua siku nzima kuiva. Mimi nilitoa kuku kwenye friza, nikapika na viazi na siki na krimu, kama siku ya sikukuu. Tulikula watatu. Lambert aliongea habari za bei ya ngano.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kuokota mayai. Kuku wangu ni kumi na nne, na taa yao inawaka kwa saa niliyoitega, maana wakati wa baridi wasipopata mwanga hawatagi. Nilikuwa nairekebisha hiyo saa, nikakumbuka kuwa Septemba siwashi taa, Septemba wanaingia wenyewe jua likizama, na mimi nawafungia. Nikasimama humo bandani na kikapu, mayai yanapoa, na kile kitu cha Alhamisi kikarudi, na safari hii hakikupita.

Nina kalenda za miaka ishirini na sita kwenye droo ya chini, zile za bure za chama cha ushirika. Kila siku naandika mayai, na saa ya kuwafungia kuku, na jambo lolote. Niliivuta ya mwaka uliopita, nikaifungua Septemba, tarehe ishirini na nne. Mkono wangu mwenyewe, kalamu ya bluu: Mayai 11. Rosalie kaazima chupa ya kahawa. Kuku ndani saa moja na dakika tano, jua limezama, nimetumia tochi.

Nilikumbuka mengine ambayo sikuyaandika. Nilikuwa nimeshafunga banda, nimeshaosha ndoo ya mayai, nimeshawasha taa ya jikoni, simu ya kuniambia ajali ilipolia.

Jolene alikuwa mezani. Kompyuta inavuma, picha kubwa imefika nusu, jua lote limeshatoka, bado mtaro.

"Jolene. Kile kijisanduku ulichokitia alama, ni cha nini hasa?"

"Saa za kiangazi, Bibi. Ule wakati wa kusogeza saa mbele kwa saa nzima."

"Anasogeza nani?"

"Watu wote. Machi tunasogeza mbele, Novemba tunarudi..." Akanitazama.

"Huko pwani mnasogeza," nikasema. "Sisi huku hatusogezi. Hatujawahi tangu ukiwa mtoto. Saa hii ya ukutani unaiona? Sijaigusa isipokuwa kubadili betri."

Miaka kumi na miwili inatosha mtu kusahau saa ya kwao. Nilimwekea kalenda mbele yake, kidole kwenye mstari. Akausoma mara mbili, nikaona midomo yake inatembea.

"Kwa hiyo alama yangu ililirudisha jua nyuma saa nzima, kabla halijazama. Na ile ya kwanza," alisema. "Ile sufuria iliyoungua."

"Ndiyo hiyo."

"Sikuwa na kosa lolote. Siku mbili nilikuwa natengeneza kitu kizima."

Kompyuta iliendelea kuvuma. Mstari mmoja wa mtaro ukatokea, mwingine ukafuata.

"Bibi, umemwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Kuku?"

"Desrosiers hajui. Amezaliwa Ontario, kwao wanasogeza. Huyo mwendesha mashtaka naye labda ni wa kuja." Alikuwa anaongea harakaharaka. "Wanatazama picha, wanaona imeandikwa saa ile, tarehe ile. Nani atahesabu? Bibi, ni baba yangu."

"Ni mwanangu," nikasema. "Na Rosalie aliosha vyombo kwenye sinki hilo siku niliyomzika mume wangu. Sijui. Usiniulize mimi, Jolene, mimi nimekuletea tu kalenda."

Sikujua. Hata sasa nikisema nilijua nitakuwa naongopa. Kama angeiacha picha ile iive hadi mwisho, nadhani ningemenya viazi nikanyamaza. Lakini mikono yake imezoea kazi yake. Aliisimamisha, akakitoa kile kijisanduku alama. Jua likatoweka, barabara ikarudi kwenye wino. Halafu akasema, kama anajisemea, kwamba saa ile dereva yeyote angekuwa amewasha taa za mbele, na yeye hakuziweka kwa sababu hakuzihitaji. Akaziweka. Mbili, za manjano kidogo, urefu uleule alioupima Jumatatu.

Picha ndogo haikuchukua muda. Barabara ikafunguka mbele ya lori kama zulia, na huko mbali, kama hatua mia, Rosalie wa kijivu amesimama katikati ya mwanga na boksi lake. Hakuna kitu kingine chochote barabarani. Mtoto angemwona.

Lambert alikuwa mlangoni. Sikusikia akiingia, labda kwa sababu ya ule mvumo. Theluji ilikuwa inayeyuka kwenye viatu vyake na kufanya dimbwi kwenye zulia langu, na sikumwambia avivue.

"Baba," Jolene akasema, "nilikosea saa."

"Najua," akasema. "Nililiona lile jua nikajua umekosea."

Alivuta kiti akaketi, glavu bado mikononi. Hakututazama sisi, aliitazama picha.

"Watu wa ghala walituma ujumbe kwamba wanafunga saa mbili. Nilikuwa nausoma. Wote tu, mpaka mwisho. Polisi alipokuja akaniuliza imekuwaje, na Aloys amesimama pale, ameshika boksi la chakula, kifuniko hakipo. Ningesemaje mbele yake? Nikasema jua. Ndilo lililonijia. Na Aloys akasema, 'Ndiyo, hili jua la Septemba.' Akanishika bega, Mama. Giza limeingia, tunamulikwa na taa za lori, na ananishika bega ananiambia ni jua."

Niliwaza kumshika na mimi. Nilibaki nimesimama na kalenda.

"Bado sijamtumia wakili ile kubwa," alisema Jolene. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Haijaisha kuiva. Naweza kuirudisha, Baba. Ni kijisanduku tu."

Lambert alitikisa kichwa. Akavua glavu moja, akanyoosha kidole karibu na kioo bila kukigusa.

"Hapo umekosea pia. Mkono hauko hivyo."

"Mkono gani?"

"Wake. Alikuwa ameunyanyua. Niliponyanyua macho kutoka kwenye simu alikuwa ameunyanyua, ananisalimia. Aliona ni lori letu."

Huku kwetu kila mtu humsalimia kila mtu barabarani, hata mgeni, hata ukiwa na haraka, unanyanyua mkono kidogo na yule naye ananyanyua wake. Rosalie alikuwa anasubiri wa Lambert unyanyuke.

Jolene alikuwa analia, lakini alishika kipanya. Alimbonyeza yule mtu wa kijivu, akausogelea ule mkono.

"Upi?" akauliza.

"Wa kulia. Wa kushoto ulikuwa na boksi."

Aliunyanyua mkono wa kulia wa Rosalie, kidogo kidogo, akisimama kila mara kumtazama baba yake. Lambert alisema juu kidogo. Halafu akasema fungua vidole. Halafu akasema hapo.

"Mpelekee Desrosiers hii," akasema. "Mwambie hakuna nyingine."

Jolene alibonyeza, na kompyuta ikaanza kuvuma upya, na mstari wa kwanza wa picha kubwa ukatokea juu kabisa, ule wa anga, mweusi.